Minazi ya Mombasa Bara na Adui Zake

Mtu avukaye kwa feri kwenda Likoni, akashika njia ya Mtongwe, huiona minazi ikisimama baina ya nyumba za mabati. Akiinua macho ataona makuti yaliyokatwa kama kwa mkasi, upande huu sawa na ule. Mkasi huo ni chonga, mdudu mweusi mwenye pembe kichwani, arukaye usiku na kutoboa kilele cha mnazi. Kuti huliwa lingali limekunjwa, na jeraha huonekana lifungukapo. Mnazi mchanga ukitobolewa moyo, hufa.

Chonga hazaliani juu ya mnazi ulio hai. Hutaga mayai katika magogo yaliyooza na katika chungu za samadi, na humo mafunza yake meupe, manene, hukaa miezi. Kwa hiyo kujitayarisha kwake hakuhitaji ndege wala dawa ya gharama, bali shoka na moto. Lakini shida ya Likoni si shoka. Mara nyingi ardhi ina mwenyewe, mnazi una mwenyewe, na akaaye chini yake ni mtu wa tatu. Gogo likianguka, kila mmoja humngojea mwenziwe.

Zamani palikuwa na sheria ya kuhifadhi minazi, Sura ya 332. Ilifutwa na Sheria ya Mazao ya mwaka 2013, na mwaka huo huo kazi za kilimo zikahamia kaunti, naye bwana shamba akawa mtu wa kaunti. Chonga hakufutwa.

Changamwe mashamba ni haba, lakini ndilo lango lenyewe: gati za Kipevu, reli, na uwanja wa ndege. Wakaguzi wa KEPHIS, shirika lililoanzishwa mwaka 1996, hukagua mbegu na miche iingiayo nchini. Si kazi ya bure. Tanzania Bara kuna ugonjwa wa minazi usio na dawa: nazi changa hupukutika, makuti hugeuka manjano, mwisho kichwa chote huanguka, likabaki shina tupu kama mlingoti. Afichaye miche katika mzigo wake hajui alichobeba. Hata hivyo lango halizuii kila kitu. Yule kiwavi jeshi mgeni, asili yake Amerika, alionekana Afrika Magharibi mwaka 2016, na mwaka 2017 alikuwa katika mahindi ya Kenya. Kipepeo wake huruka usiku, wala hapiti forodhani.

Kisauni, upande wa Mwakirunge, bado kuna shamba la kuitwa shamba: mihogo, mahindi, minazi. Huko yuko mlinzi asiyelipwa mshahara, naye ni maji moto, chungu mwekundu ashonaye majani kuwa kiota. Katika miaka ya 1950 mtaalamu M. J. Way alichunguza huko Unguja akaona kwamba minazi yenye maji moto haiangushi ovyo nazi changa, kwa kuwa chungu hao humfukuza mdudu azifyonzaye. Wakwezi hawawapendi hata kidogo, maana huuma vikali, na wengine huvichoma viota kabla ya kupanda. Mwenye shamba naye, akitazama kutoka chini, hujiuliza amkataze mkwezi au amwongezee ujira.