Mtego wa Nepia

Ng'ombe wa mama ndiye aliyenilipia karo, kwa hiyo kwa miaka mingi niliihesabu nepia kuwa chakula tu. Mistari mitatu kuzunguka mahindi, unakata, unabeba, unarudi kukamua. Chuoni ndipo niliposoma kwamba nyasi ile huwinda.

Nondo wa funza wa mabua hutaga usiku. Giza likiingia, harufu ya nepia inayowavuta huongezeka kama mara mia kuliko mchana, na yote hayo katika saa ya kwanza. Mahindi nayo hutoa harufu hiyo, ila ongezeko lake halifiki popote karibu na hapo. Nondo anaiacha mahindi, anataga kwenye nepia. Viwavi wakianguliwa na kuanza kutoboa bua, wanakutana na utomvu unaonata, na wengi hufia humo.

Zeyaur Khan na wenzake, waliofanya kazi Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, walieleza mwaka 1997 jambo linalonishangaza zaidi. Nyasi ya molasi, ikiwa nzima kabisa, hutoa harufu ya mmea ulioshambuliwa. Nondo wanaikwepa. Nyigu wadogo wanaotaga ndani ya viwavi wanaifuata, wakifika wanawakuta viwavi kwenye mahindi ya jirani.

Nilimsimulia mama. Akaniuliza, "Sasa mbona yangu inakufa?"

Bungoma yote ilijua jibu. Kuna mdudu mdogo anayerukaruka. Hatoboi bua, anafyonza tu, na kila anapofyonza anapanda ugonjwa. Nepia inakuwa ya njano, inadumaa, inachipua vijani vyembamba kama vya vitunguu. Utomvu uliomnasa kiwavi haukumfanya lolote huyu. Maziwa yalipungua kabla mahindi hayajaguswa, na mama hakuwa na haja ya kuelezwa kipi kilianza.

Tuling'oa nusu, tukapanda brakiaria. Ni nyasi ya Afrika iliyovuka bahari. Mbegu chotara tulizopata zilitokana na kazi ya watafiti wa Kolombia, waliotafuta nyasi inayohimili wadudu wa malisho ya kwao. Imerudi nyumbani ikiwa na jina la Kihispania, Mulato.

Ng'ombe ameipokea vizuri. Kuhusu nondo, msimu ukiisha tutapasua mabua ya mahindi, mama na mimi, tuhesabu matundu.