Mashine ya CNC na Ubao wa Baba

Najua nimekuwa kimya. Meza ninayoandikia programu imejaa vumbi la mbao, na leo nawaeleza sababu.

Nilinunua mashine ndogo ya CNC, ile aina ya 3018. Jina lake ni vipimo vyake: eneo la kuchonga ni sentimita 30 kwa 18 hivi. Inakuja vipande vipande, na kuiunganisha kulinichukua jioni mbili. Inaendeshwa na Grbl, programu huria iliyoanza 2009 na ambayo inaenea ndani ya chipu ya ATmega328P yenye kilobaiti 32 tu za kuhifadhia programu. Sisi tunaotengeneza kurasa za wavuti za megabaiti tano tuone haya kidogo.

Amri zake ni G-code, mstari baada ya mstari. G21: vipimo ni milimita. G0: nenda upesi bila kukata. G1: nenda ukikata, kwa mwendo uliotajwa na F. Aliyewahi kuandika programu ataizoea kwa saa moja, na hapo ndipo nilipojidanganya.

Baba ni seremala. Aliposikia nina mashine akaniletea kipande cha mvule alichokihifadhi miaka mingi, nichonge jina la nyanya, kibao cha msalaba wake kaburini. Kipande kilikuwa hicho kimoja tu.

Nilikuwa nimejaribu kwenye saiprasi, mti laini: F800, kina cha milimita 1, safi kabisa. Nikaacha vivyo hivyo. Baba alisimama mlangoni. Kwenye herufi ya nne akasema, "Punguza, hiyo inalia."

Nikamwonyesha skrini. "Baba, kila kitu kiko sawa."

Kwenye skrini kilikuwa sawa kweli. Kwenye mvule, kuanzia herufi ya tano, jina la nyanya lilikuwa limesogea kando milimita 6.

Mota za mashine hizi huenda kwa hatua, kwa kawaida 200 kwa mzunguko. Grbl huhesabu hatua ilizoamuru. Haipimi biti iko wapi. Mti ukiishinda mota nguvu, hatua zinarukwa, na hesabu inaendelea kana kwamba zilipigwa. Hakuna ujumbe wa kosa. Hakuna Ctrl+Z.

Sikuweza kumtazama baba usoni. Yeye akaufungua ubao, akaugeuza. "Umebakiwa na upande mmoja," akasema, akaenda kuupiga randa.

Safari hii nilijaribu kwanza kwenye mguu wa kiti kilichovunjika, mti mgumu pia, mpaka nikafika F300 na kina cha milimita 0.3 kwa kila mpito. Kazi ya robo saa ikawa ya zaidi ya saa mbili, nami nikiomba stima isipotee. Baba alikaa kwenye stuli, macho kayafumba, akisikiliza. Mkono wangu ulikuwa juu ya kitufe cha kusimamisha. Mara moja tu aliinua kidole. Nikapunguza mwendo, sauti ikatulia, akakishusha.

(Mkianza, vaeni miwani ya kukinga macho na barakoa ya vumbi. Glavu hapana, biti inaweza kuivuta pamoja na mkono.)

Kibao sasa kiko kaburini. Ukikizunguka kwa nyuma utaliona lile jina lililopinda. Nilitaka kulipiga msasa, baba akakataa.