Usiku wa Nne Hosteli



Wiki yangu ya kwanza chuoni tulikuwa wanne katika chumba kimoja cha hosteli. Mama alinifungia godoro, ndoo na Biblia. Siku tatu za kwanza niliomba usiku chini ya blanketi, nikiogopa kuchekwa. Danieli aliomba madirisha yakiwa wazi. Mimi nilijifunika uso.

Usiku wa nne nilipiga magoti kando ya kitanda. Chumba kikanyamaza. Kijana wa kitanda cha juu akashuka, akapiga magoti karibu nami, akaninong'oneza: "Hata mimi nimekuwa nikiomba nimejifunika."

Mwanafunzi unayeripoti chuo wiki hii, usijifiche. Huenda mwenzako chumbani anangoja mtu wa kwanza. Neema ikutangulie. Amina.