Tabora: Njia ya Miembe na Haki ya Mgeni

Tulishuka kwenye gari moshi Tabora alfajiri, tukawahi Swala ya jamaa, kisha tukaelekea Kwihara, nje kidogo ya mji. Hapo ipo nyumba ya tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872 akingojea wapagazi kutoka pwani. Njiani miembe mikongwe ilitupa kivuli. Husimuliwa kwamba mingi ilichipuka kutokana na kokwa zilizotupwa na watu wa misafara.

Zama hizo mji ukiitwa Kazeh. Njia iliyotoka Bagamoyo iligawanyika hapa, moja ikienda Ujiji, nyingine Karagwe na Buganda. Wanyamwezi walibeba pembe, Waarabu wa Oman na Waswahili wakajenga, na Wamanyema wakatoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, wengi wao kwa minyororo. Tusilifiche hilo. Uislamu ulifika bara kwa njia hiyo hiyo, na dhulma ya wanadamu ikapita humo humo.

Kulinda njia nako si jambo jipya. Watemi walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita. Na Mtemi Mirambo alipoifunga njia ya Ujiji mwaka 1871, biashara ya Unyanyembe iliyumba. Leo neno hongo limebaki na maana ya rushwa, na anayeipokea mpakani huuza usalama wa taifa zima.

Magharibi ya mji yapo makazi ya Ulyankulu, walikopokewa Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Walilima, wakazaa, wakazika wazee wao huko. Serikali ilikubali kuwapa uraia zaidi ya 162,000 wa kundi lile, katika Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na mwaka 2014 vyeti vikagawiwa kwa wingi. Mwaka mmoja nyuma, Operesheni Kimbunga ilikuwa imepita Kagera, Kigoma na Geita kuwaondoa walioishi nchini kinyume cha sheria. Miongoni mwa walioondolewa walikuwamo watu waliokaa miongo mingi, wenye wake, waume na watoto upande huu. Nchi ni moja, lakini mmoja alisikilizwa akapewa cheti, mwingine akatenganishwa na wanawe.

Hatusemi mipaka iachwe wazi. Silaha na wizi wa mifugo huwaumiza kwanza wanavijiji wa mpakani, na dola ina wajibu wa kumjua anayeingia. Tunachosema ni kwamba hukumu itanguliwe na usikivu. Maswahaba walipokimbilia Uhabeshi, Makureshi walituma wajumbe wenye zawadi ili warudishwe. Najashi hakuwatoa, alimsikiliza kwanza Jaafar bin Abi Talib, kisha akazirudisha zawadi. Mfalme yule alilinda nchi yake na haki kwa pamoja.

Nasi majumbani tuna sehemu yetu. Mzazi amtafutie mwanawe cheti cha kuzaliwa mapema. Mwenye shamba la tumbaku asimfiche mgeni asiye na kibali ili amlipe ujira mdogo, wala asimtishie kumshitaki siku ya malipo. Hiyo ni dhulma mara mbili. Na kabla hatujamwita jirani "mhamiaji haramu" kwa lafudhi yake tu, tuwaulize babu zetu walifika Tabora kwa njia ipi.

Mwenyezi Mungu ailinde nchi yetu, na atulinde tusimdhulumu aliyekimbilia kwetu. Amin.