Mungu hakuniambia niache chuo

Wasee, leo nataka kusema ukweli hapa hapa nilipodanganyia.

Mlionifuata kitambo mnaikumbuka ile video ya Januari 2023. Niko ufuoni Malindi, upepo unavuma, nasema nimeacha chuo kwa sababu Mungu na darasa la sayansi haviwezi kukaa chumba kimoja. Watu waliitazama kuliko video zangu zote. Mliandika "amina" mpaka nikachoka kusoma. Mamangu hakuandika kitu. Alizima simu, akaenda kulala bila kula.

Sasa sikilizeni ilivyokuwa. Nilikuwa mwaka wa pili, nasoma sayansi ya mazingira kwa chuo cha umma. Siku moja tukapewa CAT. Swali: eleza ushahidi unaoonyesha kwamba majabali ya pwani yetu yaliwahi kuwa matumbawe chini ya maji. Yaani yale mawe tunayojengea nyumba, yale yaliyojenga Gede. Sikuwa nimesoma. Usiku wake nilikuwa kwa kesha ya CU, na hizo wiki mbili za nyuma nilikuwa kwa simu tu. Nikaandika mistari minne kuhusu gharika ya Nuhu, nikaweka kalamu chini, najiona Danieli kwa tundu la simba.

Nikapata sufuri. Nikaenda ofisini kwa lekchara na hasira ya utakatifu. Mzee wa watu akanitazama, akasema: "Kijana wangu, sikukuuliza unamwamini nani. Nilikuuliza jiwe linasema nini."

Nilitoka nikimwita mpagani. Jumapili mbili baadaye nikaalikwa kanisa moja mjini, na nani yuko mbele? Yeye, amevaa joho la kwaya, anaimba besi.

Hapo ndipo ningeshika adabu. Sikushika. Kuanguka mtihani ni aibu, bana, lakini kuteswa kwa ajili ya Yesu ni ushuhuda. Nikachagua ushuhuda. Muhula ukaisha, masomo manne yameniangusha, nikafunga begi na kumsingizia Mungu.

Kisha Aprili ikafika, na Shakahola.

Shakahola ni kaunti yetu hii hii ya Kilifi. Miili ilifukuliwa msituni siku baada ya siku mpaka ikapita 400, watoto wakiwemo. Paul Mackenzie alikana mashtaka, na hayo ni ya mahakama. Lakini mahubiri yake dhidi ya shule hayakuwa siri hapa Malindi. Alihubiri miaka mingi kwamba elimu si ya Mungu, na kuna wazazi waliotoa watoto darasani.

Usiku mmoja baada ya habari nikafungua video yangu, nikasoma komenti zote upya. Moja ilitoka kwa kijana wa kidato cha tatu: "Bro, na mimi niache shule nimtumikie Mungu?" Chini yake kulikuwa na alama ya moyo. Niliiweka mimi. Sikumjibu hata neno moja, nilimpa moyo nikapita.

Nilimtafuta, akaunti yake haikuwepo tena. Nikafuta video nikanyamaza. Lakini kufuta si kutubu.

Mwaka jana nilienda Rabai, bado Kilifi hii hii, ambapo Krapf alianzisha kituo cha misheni mwaka 1846 akiwa na Rebmann. Sisemi walikuwa malaika. Ila Krapf huyo alichapisha sarufi ya Kiswahili mwaka 1850, na hiyo si kazi ya mtu anayedharau vitabu. Rebmann naye, mwaka 1848, aliuona mlima Kilimanjaro ukiwa na theluji. Akaandika alichoona. Kuna wataalamu wa London waliokataa kata kata, ati theluji karibu na ikweta haiwezekani. Wasafiri waliofika baadaye wakakuta theluji ipo. Nilisimama pale nikafikiria: huyu mtu wa Mungu alisema jiwe lilivyosema. Mimi niliweka Biblia juu ya jiwe ili mtu asijue sikulisoma.

Hiyo ndiyo dhambi yangu. Maswali ya imani yako, na mengine ni magumu, sitakudanganya. Lakini swali gumu unaliendea ukiwa umesoma. Ukienda mikono mitupu halafu ukasema "mimi ni mwokovu", umemfanya Mungu barua ya daktari ya mtoto mtoro.

Nimeomba kurudi chuoni. Karo bado sijui itatoka wapi, na nitakaa darasani na watu niliowatangulia. Sawa tu. Jioni nasoma kuhusu matumbawe. Naomba kwanza, halafu nafungua kitabu, na sijaona chumba kikibomoka.

Wewe unayeingia chuo Septemba, nenda kesha, nenda CU, kaimbe mpaka sauti ikauke. Lakini fanya asaimenti yako. Ukiwa na shaka, mpelekee lekchara, mpelekee na mchungaji. Anayekuambia chagua mmoja, muulize anafaidika nini ukikosa kusoma.

Na kama yule kijana wa kidato cha tatu anasoma hapa: mdogo wangu, jibu lilikuwa hapana. Rudi shule. Nisamehe, nimechelewa kukujibu.