Usingoje Magugu Yachanue

Mwanza

Mwanangu,

Baba yako ameniambia kila masika unapiga chafya asubuhi, macho yanawasha, makamasi mepesi kama maji, na homa huna. Malaria umepimwa, haikuonekana. Unasema ni mafua, lakini mafua gani hayo ya mwezi na nusu? Huo ni mzio. Nyasi na mchicha pori vikichanua, chavua yake hubebwa na upepo, nawe unalima katikati yake.

Acha kununua amoksilini. Inaua bakteria, na chavua si bakteria. Piritoni itakusaidia ila inaleta usingizi, nawe unaendesha pikipiki mpaka Lamadi. Kaulizie setirizini, kidonge kimoja usiku. Ikishindwa, kuna dawa ya steroidi ya kupuliza puani. Hiyo watu huidharau kwa sababu haifanyi kazi kikamilifu siku hiyohiyo. Ianze mapema, kabla magugu hayajachanua, na uitumie kila siku.

Ukitoka kupalilia, oga na ubadili nguo kabla hujajitupa kitandani. Shuka zianike ndani msimu huo, hata wakikucheka.

Sasa jambo linalonitia wasiwasi zaidi. Nilipokuwa nauguza Arusha niliona watu wakija ngozi imewavimba, inachubuka, kwa sababu ya gugu karoti. Lina asili ya Amerika, na Arusha liliripotiwa mwaka 2010. Majani yake yanafanana na ya karoti, vijiua vyake ni vidogo vyeupe, na mche mmoja waweza kutoa mbegu zaidi ya elfu ishirini. Chavua yake inachokoza pua na kifua pia. Ng'ombe wakilila, maziwa huwa machungu, kwa hiyo baba yako hata akipuuza chafya zako, hilo atalisikia! Ukiliona shambani ling'oe na mizizi lingali changa, mikono imefunikwa, pua umeifunga kitambaa. Mtu mwenye pumu asiliguse kabisa.

Kifua kikibana au kikipiga mluzi usiku, usingoje kukuche. Nenda hospitali ya Mkula. Na kikohozi kikipita wiki mbili, wakupime makohozi, maana kifua kikuu nacho kipo.

Glovu za mpira nimezituma kwa basi la Musoma. Zifuate Lamadi Jumamosi, kabla ya saa sita.

Shangazi yako