Kosa Nililomtungia Mpwa Wangu

Nilimtungia mpwa wangu kosa. Alikuwa anajiandaa kwa usaili wa kuingia chuo cha udaktari hapa Uingereza, na kwenye usaili huo kuna swali ambalo halikosi kuja kwa sura moja au nyingine: tueleze siku uliyokosea, na ulichofanya baadaye. Nikakaa mezani nikamwandikia kosa zuri, lenye mwanzo, kati na mwisho. Hakuwa amelifanya yeye wala mtu yeyote ninayemjua.

Kabla hamjanihukumu (mtanihukumu tu, si kitu) nieleze nilifikaje hapo. Mimi ni mwalimu wa kemia. Nilisoma Tanga, na wenzangu wa mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na biolojia) waliokwenda Muhimbili kusomea udaktari walikwenda kwa alama zao za kidato cha sita. Hakuna aliyewakalisha kitini akawauliza kwa nini wanautaka udaktari. Huku mambo ni mengine. Maombi yanafungwa tarehe 15 Oktoba, mwombaji anachagua vyuo vya udaktari visivyozidi vinne, kuna mtihani wa UCAT, halafu akibahatika anaitwa kusailiwa, mara nyingi kati ya Desemba na Machi. Mtoto mwenye A tupu anaweza kuachwa. Usaili wenyewe sikuwahi kuufanya wala kuushuhudia. Lakini kwa Waswahili wa mji wetu mimi ndiye Mwalimu, na Mwalimu akiulizwa habari za shule anaona aibu kusema hajui. Msimu uliotangulia nilikuwa nimekwisha kuwafundisha watoto kadhaa wa watu ninaosali nao, nikawatengenezea faili. Mpwa wangu alirithi faili lile.

Lilikuwa limejaa maswali na majibu yake. Kwa nini udaktari na si uuguzi: aya mbili. Kanuni nne za maadili ya tiba za Beauchamp na Childress, kwa mpangilio wake. Harold Shipman, daktari aliyetiwa hatiani mwaka 2000 kwa kuwaua wagonjwa wake 15. Andrew Wakefield na makala yake ya 1998 iliyowatisha wazazi kuhusu chanjo ya surua, ambayo jarida la Lancet liliifuta mwaka 2010. Kisha ripoti ya Robert Francis ya 2013 juu ya hospitali ya Stafford, ambako wagonjwa walitelekezwa na malalamiko ya jamaa zao yakapuuzwa. Baada ya ripoti hiyo, tangu 2014, hospitali za umma za England zinabanwa na sheria kumwambia mgonjwa ukweli pale matibabu yanapomdhuru. Nilimkaririsha mpwa wangu wajibu huo neno kwa neno. Kosa la kutunga lilikuwa ukurasa unaofuata, na sikuona tatizo lolote.

Kosa lenyewe lilikuwa hivi. Mpwa wangu alikuwa akijitolea mwishoni mwa wiki kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi mama yake, yaani dada yangu. Katika hadithi yangu, anampelekea mzee mwenye kisukari chai iliyokwisha kutiwa sukari. Anagundua, anamwarifu muuguzi papo hapo, anamwomba mzee radhi, anajifunza umuhimu wa mawasiliano. Wala sikuumiza kichwa sana. Chai ile nilikuwa nimewapa wale watoto wa mwanzo, nikabadilisha jina la mahali.

Yeye alikuwa na kosa lake la kweli, na alinieleza. Bibi mmoja pale, mikono inamtetemeka, alimwomba amsaidie kuandika kadi za Krismasi. Akamwahidi Jumamosi. Jumamosi ile hakwenda, kwa sababu nilikuwa nimemwita mazoezini kwangu. Alipokwenda tena, bibi alikuwa ameandikiwa na mtu mwingine, na hakutaka kuzungumza naye. Mpwa wangu alinisimulia hayo huku akichezea kofia ya kalamu, na ilionekana bado yanamsumbua. Nikamwambia hilo ni dogo mno, halina udaktari ndani yake. "Tumia la chai," nikasema.

Sasa niseme juu ya vituo, maana hapo ujinga wangu ulionekana vizuri zaidi. Vyuo vingi vya udaktari vya Uingereza havimweki mtoto mbele ya jopo moja kwa nusu saa. Vinampitisha kwenye vituo, kila kimoja na msaili wake na jambo lake, dakika chache, kengele inalia, anahamia kingine. Utaratibu huu ulibuniwa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, na Kevin Eva na wenzake waliuandika mwaka 2004 wakiwa na vituo kumi vya dakika nane nane. Waliiga mtihani wa vitendo wa wanafunzi wa udaktari, ambao Ronald Harden aliuanzisha Dundee miaka ya sabini. Hoja yao ni kwamba mtu anayeng'ara kwenye jambo moja anaweza kuzama kwenye jingine, na msaili mmoja akikupenda au akikuchukia tangu salamu, maoni yake yasiamue kila kitu. Ningeyasoma hayo mapema ningejua kwamba faili halifai kitu. Niliyasoma baadaye.

Kituo kimoja ambacho watahiniwa hukifanyia sana mazoezi ni kumwelekeza mtu afunge kamba za kiatu kwa maneno tu, bila kutumia mikono. Mpwa wangu alitaka tukijaribu. Nikaona mchezo wa chekechea, lakini nikaweka kiatu mezani. Alianza vizuri: shika ncha ya kulia, ipitishe juu ya ya kushoto. Kisha akasita, akauliza, "Umefika wapi, Mjomba? Hebu niambie unaona nini hapo." Nikamkatiza. Nikamwambia asiulize maswali, aeleze, muda unakwisha. Akaeleza mpaka mwisho bila kusita tena, nami nikabaki na fundo lisiloeleweka, nikamsifu kwa ufasaha.

Siku ya usaili nilimpeleka mwenyewe kwa gari. Alipotoka alikaa kimya mpaka tulipoingia barabara kuu. Kituo cha kosa kilikuwepo, akatoa chai yake yote kama tulivyoifanyia mazoezi. Msaili, mama wa makamo, alimsikiliza, halafu akauliza kwa upole: yule mzee alisemaje ulipomwambia?

"Mjomba," mpwa wangu akaniambia, "hapo hukuniandikia."

Alibabaika, akasema mzee alishukuru. Alishukuru kwa nini, akaulizwa. Kengele ilikuwa mbali.

Hakupata nafasi. Chuo kilimtumia alama zake kituo kwa kituo: vingine vizuri, viwili hivi vya wastani, na cha kosa kiko chini kabisa. Tuliisoma barua ile wawili, mimi na yeye. Kisha nikafanya jambo linalonifanya niandike haya. Dada aliponiuliza kulikoni, nilimwambia wameangalia jina na ngozi. Ilikuwa rahisi kuaminika. Ubaguzi upo, yeye mwenyewe ameuonja kazini, na hakuna mzazi anayeomba ushahidi wa hilo. Mpwa wangu alikuwepo sebuleni. Hakunikanusha. Kwetu mtoto hamkanushi mjomba mbele ya mama yake, nami nililijua hilo nilipofungua mdomo.

Dada akaibeba habari ile. Aliisimulia kazini, akampigia mama Tanga, mama akalia. Mtoto alipotaka kuomba tena mwaka uliofuata, dada akasema chuo kile asikiguse. Akaanza kuulizia Bulgaria, ambako vijana wengi kutoka Uingereza husomea udaktari kwa Kiingereza, na akaingia upatu na wenzake wa zamu ya usiku ili akusanye ada. Fedha ile nilijua anaipata kwa kuwageuza wazee kitandani saa tisa za usiku.

Nilikwenda kwake asubuhi moja ya Septemba, ametoka kazini, bado na sare. Nilimweleza yote: faili, chai, swali la yule mama, barua ya alama. Alikuwa akipika uji na aliendelea kuukoroga. Aliuliza kama binti yake alijua. Nikasema alijua. "Kwa hiyo amekaa na mimi miezi yote hii, anakufichia wewe," akasema. Sikuwa na la kujibu. Kisha akauliza jambo ambalo, naapa, sikuwa nimelifikiria: "Na wale watoto wengine uliowapa hiyo chai?"

Jioni nilianza kupiga simu. Wazazi wawili walicheka, wakasema watoto wao hawakulitumia faili, waliliona refu. Mmoja hakupokea. Wa mwisho, baba ambaye huwa tunasimama safu moja Ijumaa, alinisikiliza mpaka nikamaliza. Akaniambia mwanawe alilitoa jibu la chai kama lilivyo, hakuulizwa swali la ziada, na sasa amekwisha kumaliza mwaka wa kwanza. Akaniomba, kwa heshima zote, nisilitaje tena.